Mjomba, Tazama Juu

4 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mgongo umetulia na miwani haijavunjika tena. Huku sote wazima. Mama mkwe naye mzima isipokuwa goti, ambalo hutabiri mvua kuliko redio. Mimi ni mzima kupita kiasi. Mjomba, nimeolewa! Najua unajua, lakini acha niandike kwa mkono wangu, maana kila nikifika kwenye neno hilo kalamu inacheka yenyewe.

Harusi ilikuwa nzuri. Gauni lilikuwa refu mno, fundi cherehani akalipunguza asubuhi ile ile, mimi nimesimama juu ya stuli. Kiti chako tulikiacha wazi mstari wa mbele. Watu wakawa wanaweka mabegi yao, nami nayatoa, wanaweka, nayatoa, mpaka mume wangu akaja akatandika koti lake pale na kusema, "Hapa amekaa baba mkwe." Ndipo nikajua sikukosea kuchagua. Wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipofariki. Nani mwingine angekaa pale?

Sasa nikupe habari za huyu mume. Unajua ni fundi simu, ana kibanda karibu na stendi. Mteja mmoja alimletea droni iliyovunjika, hakurudi kuichukua, naye akaitengeneza taratibu baada ya kazi. Ni kidude cha ukubwa wa sahani, kina panga nne ndogo zinazozunguka na kamera puani. Hakina rimoti. Kinaongozwa na simu, mjomba, simu hii hii ya kawaida! Unafungua programu, kioo kinakuonyesha kile droni inachokiona, na juu ya picha hiyo kuna viduara viwili. Cha kushoto unakisukuma kwa dole gumba, inapanda na kushuka. Cha kulia, inakwenda mbele, nyuma, pembeni.

Tuliijaribia uwanja wa shule, wanafunzi wameshaondoka. Alisimama nyuma yangu, mikono yake juu ya mikono yangu, akaninong'oneza, "Polepole, kama unamwamsha mtoto." Ikapanda, na moyo wangu ukapanda nayo. Nikaona paa letu, mjomba! Nikaona tangi la maji halina mfuniko. Nikajiona mwenyewe, kidoa cha njano, na yeye kidoa cheupe, tumegandana hata huwezi kusema kimoja kinaishia wapi. Halafu nikaiangusha kwenye kamba ya nguo za jirani. Mama mkwe akasema, "Wenzenu wakioana wananunua sahani, nyinyi mnazirusha."

Nacheka, lakini kuna kitu kinanichoma. Ukumbi wa wageni huko gerezani bado umefungwa kwa sababu ya paa, simu haziruhusiwi, picha haziruhusiwi. Umenilea, na hujaniona bibi harusi. Najua bodi ya parole inakaa Juni, na ukiachiwa mapema utafikia kwetu kama ulivyowaandikia. Lakini kwa mwenye hamu, Juni ni ng'ambo ya dunia.

Mwanao,
Chiriku


27 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, na nyingine ya mumeo, na ya tatu ya goti la mama mkwe. Mgongo upo. Miwani nimeifunga kwa waya. Kazi ni ile ile ya karakana ya useremala. Mwezi huu tunatengeneza madawati ya shule.

Barua yako imechelewa kwa sababu kila barua husomwa kwanza na afande wa barua, ndiyo kanuni. Aliponikabidhi alinitazama akasema, "Mzee, huyu binti ameolewa kwelikweli." Nami nikaisoma kwa sauti karakanani. Nisamehe, hapa habari njema ni mali ya wote. Walinirudisha mara mbili pale pa sahani. Yupo mmoja tunamwita Msumeno kwa sababu ya kukoroma. Ameuliza kama mama mkwe wako ana mume.

Koti la fundi kwenye kiti changu nimelielewa. Sitasema zaidi, maana hapa kuna watu.

Ila hicho kidude, mwanangu, sikiamini. Unajua kilichonileta hapa: ukungu, mteremko, lori langu, na mtu wa baiskeli ambaye hakurudi kwake. Mimi nilikuwa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, mguu kwenye breki, na bado. Sasa nyinyi mnaendesha chombo ambacho dereva hayumo, na usukani wake ni simu ambayo mtu yeyote anaweza kuipigia. Mwambie fundi kuna dereva anauliza: breki yake iko wapi?

Kuhusu Juni, mkuu wa gereza aliniita akasema faili langu ni safi, nisilitie doa, na bodi haitakuwa na sababu ya kunikatalia. Kwa hiyo natembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Jumapili asubuhi tunatolewa uwanja mdogo, ule wa upande wa mashamba, tunaota jua. Wenzangu hucheza drafti. Mimi hutazama mawingu yanavyosafiri. Dereva ni dereva.

Mwambie fundi afunike tangi.

Mjomba wako


13 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na salamu kwa afande wa barua, ambaye sasa namwona kama jamaa. Mwambie Msumeno kwamba mama mkwe ni mjane, lakini naye anakoroma, watauana. Tangi limefunikwa. Mume wangu alipata kikohozi, nikampikia supu, akainywa yote ingawa niliijaza chumvi, kisha akasema hajawahi kunywa supu kama ile. Ukifikiri vizuri, hakudanganya. Mjomba, nikimsikia anafungua mlango jioni, hata kijiko nilichoshika nakisahau mkononi.

Swali lako nimempa. Anasema breki ni kuachia. Ukiondoa vidole kwenye kioo, droni inasimama hewani, inakusubiri. Na ikipoteza mawasiliano na simu haianguki kama jiwe. Inajishusha yenyewe polepole, hapo hapo ilipo. Umeona? Sasa naiongoza peke yangu. Naipitisha katikati ya magoli bila kugusa. Ananiita rubani, tena mbele ya wateja, nami nasikia nimeota mbawa.

Ubaya wake ni mmoja, haiendi mbali na simu. Lazima mwenye simu asogee karibu na anachotaka kukiona. Lakini kusogea si kazi, mabasi yapo.

Sisemi zaidi. Jambo zuri likisemwa sana linaharibika. Nakuomba kitu kimoja tu: Jumapili ya pili ya Aprili, ukiwa uwanjani na mawingu yako, tazama juu.

Mwanao mwenye furaha kuliko wote,
Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Hujambo? Mumeo hajambo? Mimi mzima.

Barua yako nimeipata leo. Afande aliisoma kabla hajaenda likizo, akadhani mtaniombea dua siku hiyo, akaacha salamu za pongezi. Hii sikuisoma karakanani.

Usije. Kama nilichofikiri sicho, nicheke na usahau. Kama ndicho, kiache hicho kidude juu ya kabati. Hapa hakuna kitu kinachopita juu ya ukuta bila mtu kuulizwa. Mwanangu, Juni imebaki kidogo. Utanivalia gauni lako hapo sebuleni, nitakutazama mpaka uchoke.

Ninaloogopa ni hili: sanduku la barua hufunguliwa na afande wa barua mwenyewe, naye atarudi katikati ya mwezi. Nimemwomba mwingine aitoe hii moja tu. Ameniuliza tangu lini nimekuwa waziri. Nimeiandika hivyo hivyo. Mtu hupiga honi hata akijua aliye mbele hasikii.

Mjomba wako


21 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. U mzima? Nijibu hilo kabla ya mengine yote. Sisi ni wazima. Mama mkwe anakusalimu, na amelia.

Barua yako ya kunikataza imefika jana. Sisi tulishakuja Jumapili ile.

Najua karatasi hii itasomwa na wengine kabla yako. Nataka isomwe. Nataka ijulikane kwamba wazo lilikuwa langu na wewe hukujua lolote. Mume wangu alipouona ukuta alisema, "Mke wangu, hapa pana bango la kukataza." Nikamwambia bango limepauka, herufi zenyewe hazisomeki. Akasema, "Zinasomeka." Nikamwambia mzunguko mmoja tu, laazizi. Hajui kunikatalia, ndiyo kasoro yake pekee.

Tulisimama ukingoni mwa shamba la mahindi. Chini ya droni nilifunga kipande cha gauni langu, kile fundi cherehani alichokipunguza, nimekiandika kwa kalamu nene: Mjomba, nimeolewa. Hakikuwa cha kudondosha. Nilitaka kipite juu yako, ukisome, kirudi. Na mimi nikuone.

Nilikuona. Kwenye kioo uwanja wote ulikuwa mdogo kama kiganja, na wanaume wote wameinua nyuso, wengine wanapunga mikono. Mmoja tu alikaa ameinamisha kichwa, mikono magotini, anatazama viatu vyake. Nilikujua kwa kipara na kwa ule mkao wako wa kusubiri mizigo ipakiwe. Nikaishusha kidogo. Nikasema, "Mjomba, tazama juu." Nikapaza sauti, kana kwamba simu ingekuletea. "Mjomba, tazama juu!" Ukainama zaidi.

Hapo simu ikaita. Mama mkwe. Uso wake ukajaa kioo kizima, uwanja ukapotea, viduara vya kuongozea vikapotea. Nikakata, ikaita tena. Alitaka kujua ufunguo wa stoo uko wapi. Mume wangu akanipokonya, akakata, akafungua programu, nayo ikaanza kuitafuta droni. Kaduara kanazunguka, kanazunguka, na sisi wawili tumekakodolea macho kama watu wanaosubiri majibu ya daktari. Tulijua inafanya nini wakati huo. Ilikuwa inajishusha polepole, hapo hapo ilipo, kama ilivyoundwa.

Picha iliporudi ilikuwa ya vumbi na viatu. Kisha uso wa askari, karibu sana, anatafuta mahali pa kuizima. Kisha giza.

Tukaondoka. Hatukukimbia. Tulitembea kama watu wanaotoka sokoni, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa. Mume wangu hajanilaumu hata kwa jicho. Laiti angenilaumu.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Chiriku


9 Mei

Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima. Nimehamishiwa chumba kingine, kina utulivu. Madawati wanamalizia wengine. Nimepewa nusu karatasi.

Barua yako sikuisoma mwenyewe. Nilisomewa ofisini. Walisoma vizuri, hata pale pa laazizi.

Nisingependa uyasikie kwa watu. Askari alikiinua kile kitambaa akauliza, "Nani hapa ana mpwa aliyeolewa?" Uwanja mzima ulijua, nimewasomea hadi habari ya koti. Hakuna aliyenitaja. Msumeno akasema yeye ana wapwa kumi na wanne, na wote wameolewa, wengine mara mbili. Watu wakacheka. Tukaambiwa sawa, chekeni, hakuna tena kutoka Jumapili mpaka mwenye mpwa apatikane. Jua ndilo kitu pekee wanachopata bila kuomba. Nikasimama.

Ulitaka ijulikane kwamba sikujua. Mwanangu, barua yako ya Machi ipo, na yangu ya Aprili waliinakili kabla haijatoka. Wanasema: aliyekataza alijua, na aliyejua hakutoa taarifa. Ni kweli. Siku niliyoipata ile ya Machi nilifika mpaka mlango wa ofisi, mkono umeshainuka kubisha, nikaurudisha mfukoni. Usiniulize kwa nini.

Afande wa barua amehamishwa. Anayesoma sasa hana salamu.

Usiwaandikie bodi. Usije. Mtunze fundi.

Mjomba wako


24 Mei

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Mama mkwe ameacha hata kulitaja goti lake, na sasa akitaka kupiga simu anatuma mtu kwanza kuuliza kama apige. Sisi tunakula, tunalala, tunaamka.

Chumba gani hicho chenye utulivu? Hukusema.

Nisamehe, sikukusikiliza. Tulikuja wote wawili, yeye amevaa suti ya harusi, mimi gauni la kanisani la mama mkwe ili nionekane mtu mzima. Tukamwambia askari wa lango kwamba droni ilikuwa yetu, tumekuja kujisalimisha. Alikuwa anatafuna karanga. Akauliza, "Mmetumwa na nani?" Tukasema hatukutumwa. "Basi mnataka nini?" Mume wangu akasema, "Tunataka kusema kweli." Akatutazama kwa huruma, akasema, "Kweli inapokelewa Jumatano, na leo Jumatano ofisa hayupo."

Tukaenda polisi. Polisi wakasema tukio ni la gereza. Tukarudi gerezani, wakasema watu wa nje ni wa polisi. Polisi wakachukua simu ya mume wangu iwe ushahidi, na wakatuambia tuende nyumbani tutaitwa. Hatujaitwa. Niliwaandikia bodi, ndiyo, niliandika, kurasa nne; imerudi na mstari mmoja kwamba maombi hupokelewa kutoka kwa mfungwa mwenyewe. Mjomba, tumejishtaki kila mlango, na hakuna aliyetutaka.

Nampenda mume wangu kwa namna inayonitisha sasa. Jana nilimkuta kibandani anatengeneza simu ya mtu, skrubu ndogo inamtoka vidoleni, anaiokota, inamtoka. Nikasimama nyuma yake, nikaweka mikono yangu juu ya mikono yake. Tukakaa hivyo mpaka mteja akakohoa.

Bodi ikikaa, waambie wanilaumu mimi. Sijui nikwambie nini kingine. Nafungua barua, nafunga, nafungua.

Mwanao,
Chiriku


3 Julai

Chiriku wangu,

Marahaba, na ile niliyosahau kukupa Aprili. Mgongo si mbaya. Nimefurahi kusikia kwamba fundi bado ana wateja, hata wa kukohoa.

Bodi ilikaa wiki iliyopita. Nakuandikia mwenyewe usije ukasikia kwa askari wa karanga. Walikuwa watatu, na mwenyekiti ni mama mmoja mwenye sauti ya upole. Afadhali angekuwa mkali. Walisifu madawati. Habari ya droni waliisoma haraka, kama watu walioichoka, kisha mama yule akasema, "Mzee, hili tunaweza kulihesabu kuwa utoto wa watu wengine." Moyo wangu ukaanza kufunga mizigo.

Akafungua karatasi ya mahali nitakapofikia. "Umeandika utakaa kwa mpwa wako na mumewe. Ni hao hao?"

Nikasema ni hao.

Akasema, "Una binamu, fundi matofali. Tumemuuliza, yuko tayari kukupokea. Sharti ni kwamba hutakaa na hawa, wala hutaonana nao, mpaka muda wote wa kifungo chako uishe. Ukikubali tunasaini leo. Basi mzee, ukitoka hapa, unakwenda kwa nani?"

Alinisubiri. Kisha akauliza tena, taratibu, kama mwalimu anayemsaidia mtoto jibu lisimpite.

Nikasema, "Nakwenda kwa wanangu."

Mwenyekiti alivua miwani yake akaiweka juu ya karatasi. Wameahirisha shauri langu mpaka watakapokaa tena, na hawakusema lini. Kesho napelekwa gereza jingine, mbali kidogo kuliko hapa. Anwani utatumiwa.

Usilie sana. Na usiniandikie kwamba nilikosea. Huko niendako nasikia barua ni moja kwa muda mrefu, sitaki iishie kwenye hilo. Niandikie mlichokula, aliyepita kibandani, mvua kama imenyesha.

Msumeno na wenzake wananionea huruma. Wanasema ni uzee, ni masikio, swali lilinipita. Nimewaacha waamini hivyo, ni watu wema. Lakini wewe ujue, mwanangu, nililisikia mara zote mbili.

Mjomba wako